Mzee Naye Apewe Jembe

Natumai wengi wenu mngali mnaukumbuka ule mjadala wa chama chetu wa muhula wa kwanza, uliofanyika bwaloni siku ya mvua kubwa, mabati yakapiga kelele hata wasemaji wakalazimika kupaza sauti kama wachuuzi wa sokoni. Hoja ilikuwa hii: "Wazee wajengewe makao maalum, watunzwe huko." Mimi nilisimama upande wa kuunga mkono. Wengi mlidhani nilipangiwa na mwalimu mlezi. La, nilijitolea mwenyewe, na nilikuwa na sababu ambayo sikuitaja siku ile. Leo nitaitaja, kisha niwaeleze niliyoyapata nilipokuwa nikitafuta hoja za kuwashinda wapinzani, kwa maana yalinigeuza mimi kwanza.

Sababu yenyewe ni Susu. Kwa wale miongoni mwetu ambao si wenyeji wa Ukambani, susu ndiye nyanya, au bibi kama wasemavyo wengine. Susu yangu, mzaa baba, ana umri wa miaka 74. Anaishi upande wa Kathonzweni, hapa Makueni, katika boma alilojengewa na babu. Babu alifariki mwaka wa 2017. Mwaka niliomaliza shule ya msingi, wakati wa Krismasi, watu wa nyumbani walikaa kikao chini ya mwembe. Ami yangu anayefanya kazi Nairobi akasema si vizuri mama yao kuendelea kulala peke yake, akianguka usiku nani atajua? Wote wakakubali. Susu hakuulizwa. Aliondoka na mfuko mmoja wa nguo, kiondo chake, na kuku wawili wa kumpelekea mkaza mwana wake.

Huko Nairobi alipewa chumba kizuri katika ghorofa ya nne. Hakukosa chai wala mkate, na nyama ilipikwa hata siku zisizo za sikukuu. Lakini kila alipoinuka kushika kitu aliambiwa, "Mama, wewe kaa tu." Akishika ufagio, ananyang'anywa. Akitaka kuchambua mboga, anaambiwa yupo msichana wa kazi. Basi kukaa ndiko kukawa kazi yake. Alikaa dirishani akihesabu matatu zinazopita. Siku ya ishirini na mbili akasema amepata habari za msiba kijijini, hana budi kwenda kuzika. Ami akampandisha gari. Kumbe hakukuwa na msiba wowote! Aliposhuka pikipiki pale nyumbani hata hakufungua mlango. Alienda moja kwa moja shambani akaanza kuchuma ndengu zilizokuwa zimekauka, akiwa bado amevaa viatu vyake vya safari.

Hapo ndipo nilipotumwa mimi. Wazazi wangu wanaishi Emali, lakini nikaambiwa nitasoma katika shule hii yetu ya kutwa ili nikae na Susu. Tumekaa pamoja tangu Kidato cha Kwanza. Ananiamsha saa kumi na moja, ananipikia uji, nami jioni namchotea maji mtoni, pale ambapo inabidi kufukua mchanga kwanza kabla ya kuyaona maji. Jumamosi tunalima, au tunapura, kulingana na msimu.

Sasa tatizo ni hili: mwakani nitamaliza Kidato cha Nne. Ami amekwisha kupiga simu tena, na safari hii hakutaja ghorofa bali makao ya wazee. Baba hana jibu. Mimi nami, niwaambie ukweli, nilifurahi kidogo. Nilitaka mtu aniambie kwamba nikiondoka Susu hatabaki peke yake, na kwamba kuondoka kwangu si kosa. Ndiyo maana nilijitolea kuunga hoja mkono. Nilitaka ishinde.

Makao ya wazee yalianzaje?

Mwalimu mlezi aliniambia nisije bwaloni na mdomo mtupu, nikasome kwanza. Nilianza kwa kutafuta chanzo cha makao haya.

Mojawapo ya habari nilizozipata ni ya mwanamke Mfaransa aitwaye Jeanne Jugan. Mwaka wa 1839, wakati wa baridi kali, alimchukua mjane mmoja mzee aliyekuwa kipofu, akamleta kwake na kumlaza katika kitanda chake mwenyewe. Yeye akaenda kulala darini. Kutokana na kitanda hicho kimoja likazaliwa shirika la Masista Wadogo wa Maskini, ambalo limeenea katika nchi nyingi. Hapa kwetu Kenya masista hao wana makao huko Kasarani, Nairobi, yanayoitwa Nyumba ya Wazee. Huko Unguja nako, serikali ya Zanzibar ina nyumba za wazee mahali paitwapo Sebleni na Welezo.

Makao ya namna hii si ya kubezwa hata kidogo. Wapo wazee wasio na mtoto wala jamaa. Wapo pia wenye watoto lakini watoto hao hawajulikani waliko. Mzee wa namna hiyo akipata kitanda safi, chakula, daktari na mtu wa kumjulia hali, ameokolewa.

Nilisoma pia sheria. Katiba yetu ya mwaka wa 2010 inasema mzee ni mtu aliyetimiza umri wa miaka 60. Katika sensa ya mwaka wa 2019, watu wa umri huo walikuwa kama milioni 2.7 kati ya Wakenya milioni 47.6, yaani karibu watu 6 katika kila watu 100. Kifungu cha 57 kinataja mambo manne ambayo wazee wanastahili. La kwanza ni kushiriki kikamilifu katika shughuli za jamii. La pili ni kujiendeleza. La tatu ni kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa. La nne ndilo kupata matunzo ya kadiri kutoka kwa familia zao na serikali.

Nilipoyasoma mara ya kwanza niliyapita mbio mbio, maanake nilikuwa nikilitafuta lile neno "matunzo" tu. Niliporudia ndipo nikaona mpangilio wake. Kushiriki kumetajwa kwanza, kutunzwa kumetajwa mwisho. Nikamkumbuka Susu pale dirishani ghorofani. Alikuwa akitunzwa vizuri sana, lakini hakushiriki chochote.

Kijiji kilicho karibu nasi

Habari iliyonishangaza zaidi haikutoka Ulaya. Ilitoka ng'ambo ya Mto Athi, mto unaotugawa sisi wa Makueni na ndugu zetu wa Kitui. Ukipanda gari Machakos kwenda Kitui utapita mahali panapoitwa Kwa Vonza, ambako pia kuna Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya. Katika sehemu hizo ndipo kilipo Kijiji cha Nyumbani. Nimewahi kupita barabara ile nikienda harusini, nikaona tu vichaka vya miiba na mbuzi, nisijue kwamba huko ndani kuna kijiji cha ajabu.

Ili mkielewe kijiji hiki ni lazima nianze nyuma kidogo. Ugonjwa wa UKIMWI ulijulikana nchini Kenya mwaka wa 1984. Kufikia mwezi wa Novemba 1999 hali ilikuwa mbaya hata Rais Moi akautangaza kuwa janga la kitaifa. Sisi wa kizazi hiki hatukuyaona hayo, lakini waulizeni wazazi wenu. Kwa kawaida ugonjwa huwapata zaidi watoto wachanga na wazee. Huu uliwaua zaidi watu wa makamo, yaani akina baba na akina mama waliokuwa na nguvu za kulima na kufanya kazi. Ilikuwa kama nyumba ambayo msingi umebaki na paa limebaki, lakini kuta zimeanguka. Wazee walibaki bila watoto wa kuwatunza uzeeni, na watoto wadogo wakabaki bila wazazi wa kuwalea.

Alikuwapo kasisi mmoja wa shirika la Wajesuiti, Padri Angelo D'Agostino, Mmarekani ambaye pia alikuwa daktari. Mwaka wa 1992, akishirikiana na Sista Mary Owens, alianzisha makao jijini Nairobi ya watoto mayatima wenye virusi vya UKIMWI, akayaita Nyumbani. Siku hizo dawa za kupunguza makali zilikuwa hazijapatikana kwa wengi, na watoto wengi walikufa mapema. Dawa zilipokuja, watoto wakaanza kuishi na kukua. Lakini mayatima nchini walikuwa wengi mno, hakuna nyumba moja Nairobi ambayo ingewatosha. Tena hata waliokuwa wazima wa afya hawakuwa na mtu wa kuwalea.

Ndipo wazo la kijiji likaja. Baraza la Wilaya ya Kitui lilitoa ardhi ya ekari kama 1,000, na mwaka wa 2006 kijiji kikaanza kupokea watu. Padri D'Agostino alifariki mwezi wa Novemba mwaka huo huo, lakini kazi haikusimama.

Mpango wenyewe ni rahisi kueleza. Kijiji kilikusudiwa kuwa na nyumba kama 100. Katika kila nyumba anakaa mzee mmoja, mara nyingi susu lakini wapo na akina babu, pamoja na watoto wapatao kumi. Baadhi ya watoto ni wajukuu wake wa damu, na wengine ni mayatima ambao hawakuwa na mtu kabisa, sasa wamekuwa wajukuu zake. Nyumba zimepangwa katika makundi ya nne nne, ili wazee wawe na majirani na watoto wawe na wenzao. Ukipiga hesabu utaona kijiji kizima ni cha wazee kama mia moja na watoto kama elfu moja.

Ndani ya kijiji mna shule ya msingi, shule ya upili, chuo cha ufundi na zahanati. Wafanyakazi wa jamii wapo wa kusaidia penye shida. Kuna mashamba yanayonyweshewa maji kwa matone, kwa kuwa mvua ya Kitui mnaijua ilivyo. Tena wamepanda miti mingi ya mukau. Mti huu ni wa asili wa nchi zetu kavu na mbao zake haziliwi na mchwa upesi. Ukipandwa leo unaweza kukatwa mbao baada ya miaka kumi au kumi na mitano hivi. Yaani kijiji kimejiwekea akiba iliyosimama ardhini.

Susu wa kijiji hiki anafanya kazi ile ile ambayo susu yeyote wa Ukambani anaijua. Anapika muthokoi, anahakikisha watoto wameoga, anagombeza mchelewaji, anasuka kiondo jioni huku akisimulia hadithi. Hakupelekwa huko kukaa tu. Alipelekwa kwa sababu kuna watoto wanaomhitaji, na watoto wakapelekwa kwa sababu kuna mzee wa kuwapokea.

Siku ya mjadala

Nilipoipata habari hiyo nikaona nimeshapata ushindi. Nikasimama bwaloni nikaieleza yote, nikamaliza kwa madaha: "Basi wapinzani, mnasemaje? Makao ya wazee yanafaa au hayafai?" Upande wangu ukapiga makofi.

Msemaji wa kwanza wa upinzani akainuka polepole. Akasema, "Namshukuru ndugu yangu kwa kutusaidia upande wetu. Hayo aliyoyataja si makao ya wazee. Ni familia. Hoja inasema wazee watengwe watunzwe. Huko Kitui wazee hawakutengwa, walichanganywa na watoto. Ukiwaondoa watoto wale elfu moja, patabaki wazee mia moja wakitazama barabara."

Wote wakacheka. Mimi nilicheka pia, lakini moyoni nilijua amenipiga pale pale. Ghorofa ya nne ikanirudia.

Nilijikakamua nikajibu kwa methali: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Nikasema kwamba basi mzee popote alipo apewe jembe, apewe wajukuu alee, na mambo yatakuwa sawa. Hapo niliona nimejiokoa.

Ndipo aliposimama msichana mmoja wa Kidato cha Pili. Sitamtaja jina, na siku ile hakuwa hata katika orodha ya wasemaji. Aliomba ruhusa azungumze kutoka alikokaa. Alisema hivi, na nayanukuu kwa idhini yake: "Susu yangu ametulea sisi watano tangu nikiwa darasa la pili. Hana zahanati mlangoni wala shamba la kunyweshea. Mwezi uliopita alianguka akitoka mtoni na mtungi. Ninyi mnasema mzee apewe jembe. Sisi kwetu jembe analo tangu zamani. Anayekosekana ni mtu wa kumpa uji anaporudi."

Bwalo lilinyamaza kimya, mvua tu ndiyo iliyosikika. Tulishindwa kwa kura nyingi, na sikusikitika.

Jembe na uji

Tangu siku ile nimefikiri sana juu ya maneno ya wale wawili, na naona kila mmoja ameshika nusu ya jambo.

Nusu ya kwanza ni hii. Mzee asiye na kazi yoyote ni mgeni hata akiwa kwa mtoto wake wa kumzaa. Mgeni hupewa kiti kizuri na chakula kwanza, lakini hakuna amtegemeaye. Wala si sisi Waafrika tu tulioliona jambo hili. Huko Uholanzi, katika mji wa Deventer, kuna makao ya wazee yaitwayo Humanitas. Miaka zaidi ya kumi iliyopita yalianza kuwapa wanafunzi wachache wa chuo vyumba vya bure. Malipo yake ni kwamba kila mwanafunzi atumie saa 30 kwa mwezi akiwa jirani mwema kwa wazee: ale nao, azungumze nao, awaeleze mambo ya vijana. Wazungu hao walikuwa na madaktari na vitanda tayari. Walichokosa ni wajukuu.

Nusu ya pili ni ile ya yule msichana. Jembe bila uji ni mateso. Kijiji cha Nyumbani hakikumpa susu watoto kumi kisha kikamwacha. Kilimpa nyumba, shule karibu, zahanati, chakula, majirani watatu na mtu wa kumkimbilia. Kulea watoto kumi ukiwa umepita miaka 60 si mchezo, na bila hayo yote wazo lile lingekuwa ukatili. Sasa hesabuni ni masusu wangapi katika vijiji vyetu, Kitui na Makueni, wanaolea wajukuu watatu, wanne, watano, bila lolote katika hayo. Serikali ina mpango wa Inua Jamii unaowapa wazee waliosajiliwa, wenye miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni msaada, na Susu huzipokea kwa shukrani. Lakini susu wa miaka 63 mwenye wajukuu watano hajafika umri huo, na watoto hawangoji afike ndipo wale.

Kwa hiyo swali la mjadala wetu lilikuwa limeulizwa kombo. Tuliuliza: mzee akae wapi? Ingetupasa kuuliza maswali mawili: mzee huyu ana kazi gani inayolingana na mikono yake, na akirudi kutoka kazini ni nani amsubiriye? Ukipata majibu ya yote mawili, awe kijijini, awe mjini, au awe katika makao, ataishi vizuri. Ukikosa jibu moja, hata ghorofa haitamfaa.

Swali ambalo hakuna aliyeuliza

Baada ya mjadala nilifanya jambo ambalo nyumbani hatukuwahi kulifanya. Nilimwuliza Susu mwenyewe. Tulikuwa jikoni, akipepeta ndengu. Nikamweleza habari za Kijiji cha Nyumbani, kisha nikamwambia kwamba Ami anafikiria kumpeleka katika makao ya wazee Nairobi. Hakukasirika. Aliendelea kupepeta, akaniuliza, "Na huko mtoto wangu, nitamlea nani?"

Nikamwambia huko hakuna watoto, kuna wazee wenzake, na vyakula vizuri, na wauguzi.

Akasema, "Wakati wa kufa watanifaa. Sasa bado naishi."

Kisha akanieleza anachotaka, kitu ambacho pengine angetueleza chini ya mwembe siku ile kama angeulizwa. Magoti yanamsumbua, mtoni hawezi tena, kwa hiyo anataka tangi la kukinga maji ya mvua. Kulima ekari mbili hawezi, lakini nusu ekari anaweza, nyingine ikodishwe. Na nikiondoka mimi, aletewe mjukuu mwingine. Shangazi yangu aliye Wote ana binti wa Gredi ya Nne ambaye kila likizo hulia akirudishwa kwao kwa kuwa anampenda Susu. "Yule mlete," alisema. "Hajui hata kusuka mstari mmoja."

Nilimwandikia Ami barua ndefu, nikaipeleka kwa simu ya Baba. Ami alinyamaza siku tatu. Siku ya nne akapiga na kuuliza bei ya tangi la lita 5,000. Tangi limekwisha kufika na mvua ya Novemba itatuonyesha kazi yake. Shangazi bado hajakubali kumtoa binti yake, anasema shule za mjini ni bora, na sijui tutamshawishi vipi. Tena naogopa. Mtoto wa miaka tisa hawezi kumwinua mtu aliyeanguka usiku. Kwa ajili hiyo Baba amezungumza na jirani yetu mmoja, mama mwenye moyo, awe akipita kila asubuhi na kila jioni, na atalipwa kidogo mwisho wa mwezi. Haya si kijiji cha Kwa Vonza, lakini tumejaribu kukiiga kwa kadiri ya uwezo wetu: mzee mmoja, mtoto mmoja, jirani mmoja, na maji karibu.

Wenzangu, likizo i karibu. Wengi wetu tutakwenda kwa masusu na mababu zetu. Msiende kukaa sebuleni mkipigiwa chai kama wageni, wala msiwaambie wao "kaa tu." Mwombe Susu akufundishe jambo ambalo yeye tu ndiye alijuaye pale nyumbani. Halafu chukua mtungi wewe uende mtoni. Walimu wetu nao, naomba: mnapowaita wazazi wa wanafunzi kikaoni, wakija masusu msiwaulize wazazi wako wapi. Hao ndio wazazi.

Na kwa yule msichana wa Kidato cha Pili: kamati ya chama imekubali kwamba kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi wanachama wanne tutakwenda kwenu kuchota maji na kupasua kuni. Ni watu wanne tu na ni siku moja tu, lakini ni mwanzo wa uji.

Naishia hapa. Susu ananiita, kuna gunia la ndengu halijapurwa, na fimbo yangu ya kupuria anayo yeye.

Mwanachama, Kidato cha Tatu